Mwalimu Mpya na Mashine ya Kuandika Masomo

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi, Jumamosi jioni. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamu.)



Tumeombwa na kamati tuseme juu ya jambo ambalo wengi wenu mtashangaa kulisikia kutoka vinywani mwa watu wa karakana. Ni habari ya walimu wapya, na ile mashine iitwayo akili bandia ambayo siku hizi inawaandikia maandalio ya masomo. Tumesikia mtu pale nyuma akiuliza, yatuhusu nini sisi watu wa reli? Swali lake ni la haki. Watoto wanaofundishwa ni wetu, na walimu wapya wengi ni wadogo zetu na binti zetu. Tena jambo hili hatukulifuata sisi, lilikuja lenyewe mpaka kwenye meza yetu ya kazi. Elimu yetu ni ya shule ya msingi ya misheni, na baada ya hapo tulifundishwa na tupa na nyundo. Hatusemi kama wataalamu. Twasema tuliyoyaona.

Mwenzetu mmoja wa karakana ana binti ambaye ni mwalimu. Alisomea kufundisha Kiswahili na Historia. Alipohitimu alikaa nyumbani miaka akingoja kazi, kisha akaandikwa kuwa mwalimu mwanagenzi katika shule moja ya sekondari msingi. Alipofika alikuta walimu ni wachache na madarasa yamejaa. Akapewa Kiswahili chake, na juu ya hicho akapewa sayansi, tena akapewa masomo ya ufundi, yaani habari za vifaa, vipimo, michoro na usalama kazini. Binti wa watu hajashika tupa tangu azaliwe.

Ndugu, mnajua jinsi tulivyofika hapa. Mtaala wa umilisi uliingia shule zote nchini Januari 2019 katika madarasa ya chini, na Januari 2023 wanafunzi wa kwanza wakaingia Gredi ya 7. Walimu wakatakiwa kwa haraka, nao wakaandikwa wanagenzi kwa maelfu, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Masomo yalikuwa mengi mno, baadaye yakapunguzwa mpaka 9. Mwaka wa 2024 mahakama ya mambo ya kazi iliamua kwamba kuwaweka walimu waliohitimu katika hali ile ni kuwanyima haki, na mwaka huo huo wanagenzi wenyewe waligoma. Januari 2025 wapatao 46,000 walipewa kazi ya kudumu. Hilo lilikuwa jambo jema, nasi tulifurahi. Lakini wanagenzi wengine wapya waliandikwa wakati huo huo, na huyu binti ni mmoja wao.

Sasa sikieni kazi ya mwalimu mpya jinsi ilivyo, maana sisi tulidhani mwalimu anaingia darasani na chaki, basi. Kwanza anatakiwa aandike maazimio ya kazi ya muhula mzima. Kisha kwa kila kipindi cha dakika 40 aandike andalio la somo: mada, mada ndogo, matokeo yanayotarajiwa, maswali dadisi, umilisi utakaokuzwa, maadili, nyenzo, hatua za somo moja moja, na namna ya kutathmini. Baada ya somo aandike rekodi ya kazi. Mwalimu mkongwe anaijua njia, yeye haandiki mengi, na pengine ananakili ya mwaka jana. Mwalimu mpya hana ya mwaka jana. Baba yake alituambia kwamba binti alikuwa akiandika mpaka saa saba ya usiku, na asubuhi anaingia darasani macho mekundu, akisoma andalio kama mtu anayesoma barua ya mwingine.

Ndipo mwalimu mwenzake akamwonyesha programu katika simu. Programu ya kwanza ya namna hiyo iliyojulikana na watu wengi, ChatGPT, ilitolewa Novemba 2022, na leo ziko nyingi. Unaandika: nipe andalio la somo la Gredi ya 7 juu ya usalama katika karakana. Kabla hujamaliza kunywa chai, andalio limekuja, na vichwa vyake vyote mahali pake. Binti alilia kwa furaha. Hatumcheki. Nasi tungelia.

Mashine hii ni kitu gani? Hakuna mtu aliyejificha ndani ya simu. Ni hesabu kubwa sana iliyolishwa maandishi mengi ya dunia, vitabu na magazeti na mazungumzo ya watu, mpaka ikajua neno gani hupenda kufuata neno gani. Ukiiuliza, inajenga jibu neno baada ya neno kwa kukadiria lile linalofaa kufuata. Ndiyo maana lugha yake ni laini sawasawa, ikisema kweli na ikikosea. Fundi mwongo huwa anababaika, unamjua kwa macho yake. Hii haibabaiki. Na kwa kuwa imelishwa Kiingereza kingi kuliko Kiswahili, makosa yake katika Kiswahili ni mengi zaidi. Katika somo lake la Kiswahili binti aliyaona makosa mara moja na kuyasahihisha, maana hiyo ndiyo kazi aliyoisomea. Shida ilikuwa katika yale asiyoyajua.

Basi Jumapili moja alikuja kwa baba yake, nasi tulikuwapo, akatuonyesha lile andalio la usalama. Alitaka tumweleze baadhi ya vifaa, maana aliona majina tu. Tulisoma, na mengi yalikuwa sawa kabisa. Sakafu isiwe na mafuta. Tupa isitumiwe bila mpini. Miwani ivaliwe wakati wa kunoa. Kisha tukafika mahali palipoandikwa kwamba mwanafunzi avae glavu wakati wote, hata anapotoboa chuma kwa mashine ya kutoboa.

Mzee mmoja aliyekuwa ameketi nasi hakusema neno. Aliweka mkono wake wa kushoto juu ya karatasi. Wengi wenu mwaujua mkono huo, una vidole vitatu na kipande. Akasema, "Mwanangu, hivi viwili vilikwenda na glavu." Mashine inayozunguka ikiidaka nyuzi ya glavu, haidaki nyuzi peke yake, inavuta na mkono uliomo ndani. Ngozi tupu ikiguswa huchubuka, na mtu huwahi kujivuta. Glavu haimwachi. Kila mtu wa karakana anafundishwa jambo hili juma la kwanza, lakini limeandikwa wapi katika kichwa cha mwalimu wa Historia?

Binti aliingia baridi. Alikuwa afundishe somo hilo Jumanne, na wanafunzi wake 58 wangeliandika katika madaftari yao, na mmoja wao siku moja angekuja kuomba kazi katika karakana kama yetu akiwa amevaa glavu. Aliiandikia mashine palepale kwamba imekosea. Ikaomba radhi kwa adabu nyingi na ikasahihisha. Lakini, ndugu, kama mzee asingekuwapo, isingeomba radhi.

Wako wenzetu katika kamati waliosema, basi, wakatazwe kuitumia, ni uvivu. Sisi hatukubali, na tutasema kwa nini. Maandalio ya kununua yalikuwapo zamani. Mpaka leo maazimio ya kazi yanauzwa mjini na kutumwa kwa simu, na walimu wengi wanabadilisha jina la shule tu. Hata sisi hatuchori kila kipande tunachokitengeneza, twafuata mchoro uliochorwa na mtu ambaye hatujamwona. Kufanya kazi kwa karatasi ya mwingine si aibu. Aibu ni kufuata mchoro unaouona kwamba haukubaliani na chuma kilicho mbele yako.

Jambo la pili, tulimwona akiitumia vizuri. Baada ya siku ile hakuiambia tena "nipe andalio". Alianza kwa kufungua kitabu cha mtaala kilichotolewa na KICD, akanakili humo mada ndogo na matokeo yanayotarajiwa, neno kwa neno, ili mashine isijitungie mtaala wake. Kisha akaieleza darasa lake kama lilivyo. Wanafunzi 58. Tupa mbili. Jiliwa hakuna. Umeme hakuna. Meza tano, na moja ina miguu mitatu. Kipindi ni cha dakika 40, na wanafunzi wengine huchelewa kwa sababu ya mto. Mara ya kwanza ilikuwa imemwambia aonyeshe filamu ukutani na kila mwanafunzi apewe kipimo cha chuma. Mara hii ilimwambia agawe darasa makundi, na kila kundi lipime na kutia alama juu ya maboksi ya katoni kwa msumari, kamba na kipande cha ubao kilichonyooka. Hilo linafanyika. Nasi tulimtengenezea guni sita kwa vipande vya mbao vilivyokuwa vikitupwa, tukampa na bikari moja ya zamani.

Tena aliiuliza swali ambalo sisi tulilipenda: "Wanafunzi hukosea wapi katika jambo hili?" Ikamtajia makosa matano sita, na manne kati yake tuliyajua kwa kuwa ndiyo tuliyoyafanya sisi tulipokuwa wanafunzi kazini. Kwa mfano, kupima kuanzia ukingo wa rula badala ya alama ya sifuri. Kwa mwalimu mpya hilo ni zawadi, maana mkongwe anayajua makosa hayo kwa miaka, na mpya hana miaka hiyo. Lakini majina ya wanafunzi hakuyaingiza kamwe, wala alama zao, wala habari ya yule asiyekuwa na mama. Kuna sheria ya kulinda habari za watu ya mwaka wa 2019, na hata bila sheria, siri za mtoto hazipelekwi ng'ambo ili mtu apate andalio.

Wataalamu huko Uingereza walilipima jambo hili. Mwaka wa 2024 walichukua walimu wa sayansi 259 katika shule 68 za sekondari, nusu wakatumia ChatGPT pamoja na kitabu cha kuwaongoza, nusu wasiitumie. Walioitumia waliandaa masomo kwa dakika 56 kwa juma, na wenzao dakika 81. Maandalio yakasomwa na watu wengine ambao hawakujua lipi limeandikwa na nani, nao hawakuona kwamba ubora umetofautiana. Kwa hiyo muda kweli ulipungua, kama dakika 25 kwa juma. Msidhani ni mwujiza. Na hao hawakuwa walimu wapya peke yao, wala hawakuwa na meza ya miguu mitatu.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, tunakuja penye sababu iliyotufanya tusimame hapa.

Binti alipoanza kumaliza kazi saa tatu ya usiku badala ya saa saba, alilala. Alipolala, alifundisha. Alipata nafasi ya kukaa na wale wanafunzi wasioweza kusoma sawasawa, nusu saa baada ya shule, bila kulipwa, kwa moyo wake. Hayo yalidumu majuma matatu. Mkubwa wake alipojua kwamba maandalio yanatoka kwa mashine, alisema, vema, sasa una nafasi. Akamwongezea vipindi sita vya darasa jingine. Mshahara ukabaki ule ule. Bando la simu analinunua yeye. Wale wasioweza kusoma wakabaki hivyo hivyo.

Ndugu, wimbo huu sisi watu wa reli tunaujua. Wazee walitusimulia jinsi injini za dizeli zilivyokuja kuchukua mahali pa injini za moshi. Hakuna aliyekataa kwamba dizeli ilikuwa nzuri, haina moshi, haina kazi ya kuvunja mgongo. Lakini wale watu wa kutunza moto wa injini, kazi yao iliondoka pamoja na moshi. Kifaa kikipunguza saa za kazi, saa zile haziendi mbinguni, zina mtu anayezichukua. Swali la chama siku zote ni nani anazichukua. Twasema saa alizookoa mwalimu mpya ni za wanafunzi wake na za usingizi wake. Hazikuwa za kuzibia pengo la mwalimu ambaye hakuandikwa.

Na tena tusisahau kwamba hata mashine yenyewe imejengwa kwa mikono ya wafanyakazi. Mwaka wa 2023 ilitangazwa duniani kwamba vijana wa hapa Nairobi walikuwa wameajiriwa kusoma maandishi machafu kabisa, ya mauaji na ya kudhalilisha watoto, na kuyatia alama ili ChatGPT ijifunze kutoyatoa. Walilipwa chini ya dola 2 kwa saa, na wengine walisema akili zao ziliumia. Mei mwaka huo wafanyakazi zaidi ya 150 wa kazi za namna hii walikutana Nairobi siku ya wafanyakazi, wakapiga kura kuunda chama chao. Kwa hiyo binti anapopewa jibu la adabu na simu yake, adabu hiyo ililipwa na kijana wa mtaa wa jirani. Twalitaja hili kwa kuwa wako watu wanaosema mashine hizi hazina wafanyakazi.

Sasa twaiomba kamati nini? Hatuombi itoe amri kwa walimu, wao wana vyama vyao, KNUT na KUPPET, na KNUT ina umri wa kuanzia mwaka wa 1957. Twaomba kamati iviandikie vyama hivyo barua ya udugu, kuvishauri jambo hili liingie katika mapatano yao: kwamba mwalimu akitumia mashine kuandaa masomo, asiongezewe vipindi kwa sababu hiyo, na bando na simu ya kazi vitoke kwa mwajiri. La muhimu kuliko yote, mwalimu mpya apewe mkongwe wa kukaa naye, angalau saa moja kwa juma, saa iliyoandikwa katika ratiba. Tusikubali mashine iitwe badala ya huyo mkongwe. Mpango wa Tusome ulipoingia shule za msingi mwaka wa 2015, walimu walipewa kiongozi cha masomo yaliyokwisha andaliwa, na watoto wakapewa vitabu. Lakini haukuishia kwenye karatasi, maafisa wa mtaala walitakiwa kuja darasani, kuketi nyuma, kutazama na kumshauri mwalimu. Karatasi ilikwenda na mtu. Siku hizi tunaona karatasi inataka kwenda peke yake kwa kuwa imekuwa rahisi.

Mwenyekiti anatazama saa, tutafupisha. Kuna jambo moja liko mikononi mwetu, halingoji barua. Binti na walimu wenzake watatu wa shule za karibu wameomba waje kwetu Jumamosi moja kwa mwezi, walete maandalio yao ya ufundi, tuyasome nao kabla hayajaingia darasani. Mafundi wanne wamekwisha kubali. Yule mzee ni wa kwanza. Tunataka na mtu wa umeme, maana katika andalio moja la sayansi tumeona habari za nyaya ambazo hatukuweza kuziamua wenyewe, na hatukutaka kukisia kama mashine. Tutakutana katika ukumbi huu saa nne ya asubuhi. Chai ni ya kuchangiana.

Na wale wenye tupa zao za zamani nyumbani, hata zilizoisha makali, msizitupe. Tumesema zenu, si za stoo ya kampuni, katibu asije akatuandikia barua. Mpeni mtunza hazina wa tawi kabla ya mwisho wa mwezi. Mipini tutaitia sisi.